Jiwe la Kilo, Kutoka Mbagala Mpaka Kunduchi

Nyie wa barazani mmeniuliza mara tatu kilichotokea, na mara zote tatu nimewajibu ovyo. Leo nimeamua kuandika, kila mtu asome kwa nafasi yake. Masanja asome mara mbili. Najua hanisemeshi tangu tukwaruzane juu ya unga wake, lakini karatasi haina ugomvi na mtu.

Nianze na yale mnayoyajua nusunusu. Binti yangu Upendo amejifungua mtoto wa kike, na yeye na mumewe Frank wakampa jina la marehemu mke wangu, Eliwaza. Ubatizo ukapangwa Jumapili, na Upendo akataka mimi ndiye nisimame mbele kama msimamizi wa mtoto. Sasa msimamizi hasimami pale kama nguzo ya umeme. Anatakiwa akiri imani kwa sauti, kuanzia pale panapotajwa Muumba wa mbingu na nchi, na hapo ndipo nilipokwama. Kwa miaka mitatu, tangu tumzike Mama Upendo, nikifika hapo nafunga mdomo, nawaacha wenzangu wapite, halafu nadandia mbele.

"Siwezi kugonga mhuri kitu ambacho sijakikagua," nilimwambia Upendo.

Mnanijua. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Upendo akalia, kisha akasema maneno yaliyonikosesha usingizi: "Basi tutamwomba baba yake Frank. Jina la mama litatajwa mbele ya watu na mtu ambaye hata hakumfahamu."

Ndipo Frank, ambaye ni mwalimu wa jiografia, akaniomba siku moja. "Jumamosi tu, Baba. Nikutembeze. Jioni ukisema hapana, ni hapana, wala sitakusumbua tena."

Nikakubali, huku najiuliza kuna nini nyuma ya pazia.

Mbagala hadi Kimara

Alinifuata kabla hakujapambazuka, na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, alichoazima kwa jirani yake. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu na begani nina mfuko wangu wenye lile jiwe la kilo. Kwa msiolijua: ni jiwe la mizani, la chuma, nililopewa na wenzangu siku ya kustaafu. Mke wangu alilishonea kifuko cha kitenge. Naenda nalo kila mahali, na Frank aliliona akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Kitu cha pili ambacho sikukipenda ni saa. Kila tukisimama kwenye taa, Frank anatazama saa yake. Tumetoka Mbagala mji haujaamka, barabara nyeupe, na bado mtu ana haraka. Nikaanza kuunganisha. Mtu anayetazama saa ana miadi. Miadi na nani, Jumamosi alfajiri, na mkwe wake asiyekiri imani? Nikajijibu mwenyewe: kuna mchungaji ametegwa mahali. Wamenipangia.

Jua lilichomoza tukiwa tunaitafuta Barabara ya Morogoro, na Frank akaanza somo.

"Baba, jua lile lingesogea karibu yetu, maji yote ya dunia yangekauka. Lingerudi nyuma, tungeganda. Dunia nayo imeinama kidogo tu, ndiyo maana kuna misimu, kuna masika na kiangazi. Mwezi usingekuwepo, ingeyumba hovyo. Vitu vyote hivi vimekaa sawasawa. Wewe mtu wa vipimo, hilo halikuambii kitu?"

"Linaniambia," nikamjibu. "Nikiingia buchani nikakuta mizani imetulia katikati kabisa, haitikisiki, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutafuta kidole cha mwenye bucha."

Frank akacheka. "Kwa hiyo unakubali kidole kipo?"

"Kidole sijawahi kukikataa. Ninachotaka kujua kinambeba nani na kinampunja nani."

Hapo akatazama saa.

Niwaambie na hili, maana ndilo lililokuwa linanitafuna. Tangu niwe mjane, kila ninachonunua Mbagala kinazidi. Nina mizani ndogo ya sahani mbili nyumbani. Nikileta unga kilo moja nikaupambanisha na jiwe langu, sahani ya unga inashuka. Mchele unashuka. Sukari inashuka. Kwa Masanja, kwa yule mama wa maharage, kote. Mtu wa soko hakupi zaidi bure, na nikajua sababu: wananihurumia. Wanamwona mzee aliyefiwa, wanamchotea sadaka juu ya kipimo chake bila kumwambia. Nilipomuuliza Masanja alikataa kabisa, akasema kapima kilo. Nikamwita mwongo, nikaacha kununua kwake. Mengine yaliyosemwa siku ile mliyasikia wenyewe.

Kwa hiyo Frank aliponihubiria jua na mwezi, mimi nilisikia kitu kile kile. Pole ya mfiwa, safari hii imechotwa kutoka mbinguni.

Kimara, tukisubiri rejeta ipoe

Kirikuu kilichemsha kabla hatujamaliza mlima wa Kimara. Moshi mweupe, harufu ya mpira, na Frank akapiga usukani kwa kiganja kama mtu aliyefiwa na ng'ombe.

"Maji hayatusubiri," alisema peke yake.

Maji gani? Rejeta ndiyo haina maji. Nikaiweka sentensi hiyo kwenye faili.

Tukaketi kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza supu ya utumbo na chapati mbili. Supu ilikuwa nzuri mno, na alipoletewa mteja wa meza ya pili nikachungulia bakuli lake nione kama amepewa nyama sawa na yangu. Ilikuwa sawa. Nikatulia kidogo.

Mteja yule ndiye aliyeniharibia asubuhi. Shati jeupe limepigwa pasi, suruali nyeusi, begi jeusi la ngozi, na mkononi kitabu kinene chenye jalada jeusi. Akaamkia, "Shikamoo mzee," kwa sauti ya upole wa kujifunza. Kisha akamuuliza Frank tunaelekea wapi.

"Wazo, halafu Kunduchi," akasema Frank.

"Ah! Nami naenda Kunduchi. Mnaweza kunisogeza, braza? Nilipaswa niwe nimefika."

Nikamtazama Frank. Akatazama saa. Nikasema moyoni, huyu hapa, mchungaji amejitokeza mwenyewe, na hata rejeta ile naanza kuishuku.

Walikaa mbele wote wawili na mimi katikati, yaani kulia dereva, kushoto mgeni na mlango wake, sina pa kukimbilia. Nikaamua nimtege. Nikamwambia, "Kazi yako na hilo joto, mwanangu, si rahisi."

"Mzee, kazi yangu ndiyo baridi," akajibu, akacheka. "Lakini kila siku inanifundisha ukuu wa Mungu."

Nikamkanyaga Frank mguu. Frank akadhani nataka apunguze mwendo, akapunguza.

Yule mtu hakuhitaji kusukumwa. Tulipokuwa tunapanda na kushuka vilima vya Goba, akaanza. "Chukua maji, mzee. Kitu chochote kikipoa sana kinajikunja, kinakuwa kizito, kinazama. Maji peke yake yakiganda yanatanuka, yanaelea. Weka barafu kwenye glasi uone. Sasa fikiria kule nchi za baridi, barafu ingekuwa inazama, ziwa lote lingeganda kuanzia chini, samaki wote wangekwisha. Lakini inakaa juu kama blanketi, samaki wako chini wanaishi. Nani kayaambia maji yafanye hivyo?"

Frank alisahau rejeta, akashangilia. "Umesikia, Baba?"

"Nimesikia," nikasema. "Mmejipanga vizuri."

Wakatazamana. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa na maana gani.

Wazo

Madale tulipita bila kisa. Tulipokaribia Wazo vumbi likabadilika rangi, likawa jeupe, limekaa kwenye majani ya michongoma na kwenye mabati. Malori ya saruji yalipishana nasi. Frank akasimama pembeni palipochongwa na greda, akasema tushuke dakika tano. Yule mwenye shati jeupe akabaki garini anasoma kitabu chake. Anajiandaa, nikawaza.

Frank akanionyesha ukuta wa jiwe. Nikavaa miwani. Ndani ya jiwe kulikuwa na kombe. Kombe la baharini, limegawanyika nusu, na mistari yake yote. Juu yake jingine. Kuna vipande vya matumbawe vyenye vishimo vyake vidogo, kama vile vya ufukweni, na sisi tuko mlimani, bahari iko kule chini kwa mbali.

"Hapa palikuwa baharini, Baba. Wadudu wadogo wameishi, wamekufa, wamelaliana juu kwa juu muda usiohesabika, leo ndiyo saruji. Nyumba yako ya Mbagala imejengwa kwa makombe."

Nilipitisha kidole kwenye ile mistari. Ilikuwa mizuri, sitawadanganya. Ilikuwa imepangwa kwa nafasi sawasawa, na ilifichwa ndani ya jiwe ambamo hakuna aliyeiona mpaka greda lilipopita. Na badala ya kushukuru nikakasirika.

Nikamwambia Frank jambo ambalo sikumwambia hata Upendo.

Mke wangu alipokuwa hospitali, walimpima uzito kila wiki, na kila wiki unapungua. Wiki moja nikaona haiwezekani, mizani yao ni mbovu. Nikasubiri nesi atoke, nikaweka jiwe langu juu yake. Ilisoma kilo moja. Nikaliondoa, nikaliweka tena. Kilo moja. Mizani ilikuwa nzima, mke wangu ndiye aliyekuwa anakwisha.

"Mwenye kupanga mistari hii ndani ya jiwe," nikamwambia, "anayeliweka jua mahali pake lisisogee, huyo kipimo anakijua. Hakukosea. Ndiyo maana simsemeshi. Siku tuliporudi makaburini nililitoa jiwe kwenye kifuko nikalibamiza sakafuni chumbani, na tangu siku hiyo tumeachana, mimi na yeye."

Frank akakung'uta vumbi shatini. Macho yake yalikuwa mekundu, labda vumbi. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutazama saa.

Kunduchi, maji yakirudi

Tulifika adhana ya adhuhuri inaadhiniwa. Yule mwenye shati jeupe akashuka, akatupa mkono sote wawili, akasema, "Mungu awalipe. Ngoja niwahi msikitini, halafu nikatengeneze mashine yao ya barafu, imekufa tangu jana." Akafungua begi kuhakikisha vifaa vyake: bisibisi, mipira, kopo la gesi. Kitabu kinene kilikuwa na picha ya friji juu ya jalada, nilikuwa naona upande wa nyuma tu.

Nikabaki nimesimama. "Huyu ni fundi?"

"Ulidhani nani, Baba?"

"Mchungaji yuko wapi, Frank?"

"Mchungaji gani?"

"Unatazama saa tangu Mbagala!"

Frank akashika kiuno, akaelekeza kidole baharini. "Nilikuwa nayawahi maji, Baba. Leo bamvua, mwezi mwandamo, maji yanatoka mbali kabisa, mwamba wote unabaki wazi. Nilitaka utembee juu yake na miguu yako. Sasa ona, yanajaa."

Kweli yalikuwa yanajaa. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mwambani, kanga zimelowa mpaka magotini, ndoo zina pweza. Walikuwa wanawauza kwa mama mmoja mnunuzi aliyekaa chini ya turubai, jina lake Bi Zuhura, mwenye mizani ya betri mezani. Anapima, anataja, anawalipa.

Hapo damu ya ukaguzi ikaamka. Nilikuwa nimeaibika kwa mambo ya fundi, na mtu aliyeaibika hutafuta mwingine wa kumwaibisha. Nikasogea, nikasalimu, nikalitoa jiwe kwenye kifuko, nikalitua juu ya mizani yake bila kuomba.

Ilisoma pungufu. Gramu mia tisa sitini na kidogo.

"Unawapunja!" nikapaza sauti. "Kina mama, huyu anawapunja! Pweza wa kilo nzima anawalipa pungufu! Mie ni mkaguzi, hili ni jiwe la kilo!"

Kelele ikazuka. Ndoo zikatuliwa. Mwanamke mmoja akasema, "Nilikuwa nasema mie!" na mwingine akamjibu, "Ulisema lini?" Bi Zuhura hakuinuka. Alinitazama tu, uso umemshuka.

"Mzee wangu, shikamoo," akasema. "Mie na hawa tumekua pamoja hapa, hawa ni dada zangu. Mizani wameikagua juzi, stika hii hapa. Nitakupinga vipi wewe mtu mzima? Lakini naomba tuite jiwe lingine."

Haki hiyo hata mwizi anayo. Likaletwa jiwe la kilo kutoka dukani kwa Mangi, lina mhuri. Mizani ikasoma kilo moja. Likaletwa jingine kutoka kwa muuza viazi. Kilo moja. Likarudishwa langu. Mia tisa sitini na kidogo.

Kuna kanuni niliyowafundisha vijana wengi ofisini: vitatu vikikubaliana na kimoja kikabaki peke yake, usivihoji vile vitatu. Nikaligeuza jiwe langu juu chini. Kwenye kitako cha jiwe la chuma huwa kuna tundu, ndani yake hujazwa risasi, yale madini laini ya kijivu, ya kusawazishia uzito, na juu ya ile risasi ndipo mhuri unapogongwa. Tundu la jiwe langu lilikuwa tupu. Kulikuwa na vumbi na uzi wa kitenge.

Miaka mitatu nalibeba, sijawahi kulitazama chini.

"Kumbe jiwe la mzee linaumwa!" mtu akasema, na wakaangua kicheko. Sikuwalaumu. Nilivua kofia, nikamwambia Bi Zuhura mbele ya wote, "Nimekukosea, mama. Nimekutukana mbele za watu na kosa ni langu."

"Yaishe, baba," akasema, na akajifuta jicho kwa ncha ya kanga.

Kwa aibu nikaomba aniuzie pweza kilo moja. Akaweka, akapunguza, akaongeza, mpaka ikasoma kilo moja kamili, akatia mfukoni. Kisha akachukua kapweza kadogo kutoka kwenye beseni, akakatupia juu yake.

"Hako ni ka nini?"

"Nyongeza."

"Unanihurumia?"

Bi Zuhura akashangaa kweli. "Nikuhurumie nini, mzee? Umenitukana! Kila anayenunua namwekea. Muulize huyo."

Aliyenifuata alipimiwa kilo, na juu yake akatupiwa kadogo. Na yule wa baada yake. Nilisimama pale nikawahesabu wanne.

Frank akanishika mkono, akanipeleka haraka mpaka ukingoni, penye dimbwi la mwisho ambalo maji yalikuwa hayajalifunika. Nikainama. Mlikuwa na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, chekundu chenye nundu za rangi ya chungwa, na visamaki vya buluu, buluu ya kuumiza macho, vidogo kuliko kidole cha Eliwaza mpya. Kuna mwani wa zambarau. Vyote hivi viko chini ya maji siku zote, gizani nusu, na wala havikuhitaji rangi ile ili viishi. Kijivu kingetosha. Nilingoja Frank aseme neno, nimpinge. Hakusema. Wimbi likaja, likafunika dimbwi, tukarudi nyuma na viatu vimelowa.

Kurudi

Mfuko wa pweza niliupakata njia nzima. Kirikuu hakikuchemsha, na jambo hilo nalo nililitilia shaka mpaka tulipofika Temeke.

Nyumbani nilisogeza kabati la chumbani, lile la Mama Upendo, ambalo sijalisogeza tangu msiba. Nyuma ya mguu wake wa kushoto, kwenye vumbi, palikuwa na kipande cha risasi, cha kijivu, mviringo, mhuri bado unasomeka. Nilikipachika kwenye tundu. Kiliingia. Nikakaa sakafuni nikalia, ndiyo nasema wazi, nililia mpaka jirani akagonga mlango.

Bado sijui kwa nini mke wangu alipunguzwa kila wiki vile. Hilo Frank hakunijibu, wala fundi wa friji, wala bahari. Siku nikipata mahali pa kuuliza nitauliza, na nitakwenda na jiwe langu. Lakini mkaguzi mwenye jiwe lililopungua hana haki ya kunyima mhuri, hiyo ni sheria ya kazi, sikuitunga mimi.

Jumapili nilisimama mbele. Mchungaji alipofika pale panapotajwa Muumba, Upendo aligeuka kunitazama. Nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini nilisema, nikafika mpaka mwisho bila kuruka. Kisha nikapewa mtoto nimshike. Jina lake nililitaja mimi, Eliwaza, na alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Upendo ananiambia nilikuwa nampandisha na kumshusha mikononi kama ninayempima, watu wakacheka. Huenda.

Jana niliipambanisha tena ile sukari ya kilo ambayo sijaifungua na jiwe langu likiwa zima. Sahani zilikaa sawa. Hakuna aliyekuwa ananihurumia Mbagala nzima.

Masanja, unga wako ulikuwa kilo.